Madaftari mawili: mvua, vilima na watu wa vibanda wa Hong Kong

Zamu yangu ya kuandika imefika, na safari hii nimechagua historia, ingawa itabidi nianze na choo.

Mwezi uliopita ofisa mmoja wa shirika alikuja upande wetu wa kambi na fomu mkononi. Kijana mpole, buti za mpira hadi magotini. Akasimama kwenye ukingo wa lile korongo linalokula ardhi nyuma ya vyoo, akauliza swali ambalo lilionekana jepesi: "Hapa palikatika lini?" Tulikuwa watu saba hivi. Mama jirani akasema ilikuwa mvua ile ya baada ya Pasaka. Kaka yangu akakataa, eti ilikuwa wakati wa mitihani. Mzee anayeuza mkaa akasema nyinyi wote mmesahau, ni mwaka juzi, tena usiku. Ofisa akatusikiliza kwa heshima, halafu akaandika neno moja tu. Nilichungulia. Aliandika "haijulikani".

Neno hilo lilinikaa moyoni. Choo kile kilizama tukiwa tunaona. Tulikimbia na tochi za simu kuwatoa watoto wa nyumba ya pili, mvua ikitupiga mgongoni. Halafu haijulikani! Nilimkasirikia yule ofisa kidogo, kisha nikaona kwamba kosa si lake. Wote tuliona, hakuna aliyeandika.

Basi nikaanza kusoma jinsi watu wa mahali pengine walivyofika hatua ya kusema mapema, kabla kilima hakijaanguka, "leo usiku msilale hapo". Nilidhani nitakuta habari za mitambo na setilaiti. Nilichokuta mwanzoni ni habari za watu kama sisi.

Hong Kong leo tunaiona kwenye filamu: ghorofa ndefu, taa, pesa. Lakini vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, mji ule uliokuwa koloni la Uingereza ulikuwa na watu kama 600,000. Miaka mitano tu baadaye walikuwa wamepita milioni 2. Walitoka China bara, wakikimbia vita ya wenyewe kwa wenyewe na mabadiliko ya utawala ya mwaka 1949. Ardhi tambarare ilikuwa haba, maana Hong Kong ni milima inayoshuka moja kwa moja baharini. Waliochelewa kufika walipata nafasi palepale ambapo wanaochelewa huwa wanapata: kwenye miteremko. Wakajenga vibanda vya mbao, mabati na makaratasi, kimoja juu ya kingine.

Usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto uliwaka kwenye vibanda vya Shek Kip Mei na kuwaacha watu zaidi ya 50,000 bila makao. Hapo serikali ikaanza kujenga majengo ya kuwahamishia watu, na kukata vilima ili kupata viwanja. Udongo uliokatwa ulisukumwa upande wa pili kuwa tuta la barabara. Malori yalimwaga tu, hakuna aliyeshindilia. Kila mtu aliyewahi kutengeneza sakafu ya nyumba ya udongo anajua maana yake: sakafu usiyoishindilia ukiimwagia maji, inazama.

Chini ya tuta moja kama hilo, mahali panapoitwa Sau Mau Ping, kulikuwa na eneo la vibanda. Na hapa naomba tusome polepole. Watu wale hawakuwa wamevamia. Lilikuwa eneo lenye kibali. Serikali yenyewe ndiyo iliwaruhusu kujenga pale. Ukiambiwa na mkubwa "kaa hapa", unadhani mkubwa ameshaangalia juu.

Mwaka 1972, tarehe 16, 17 na 18 Juni, mvua ilinyesha siku tatu. Kituo cha hali ya hewa kilipima milimita 652.3. Namba hiyo kwangu haikuwa na maana mpaka nilipojua siri ndogo ya vipimo vya mvua: milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba ya ardhi. Kwa hiyo milimita 652 ni jerikani 32 na zaidi, zile za lita 20, zilizomwagwa kwenye kipande cha ardhi kinachotosha mkeka mdogo wa mtu mmoja. Halafu kipande kinachofuata hivyohivyo, na kinachofuata, mlima mzima.

Siku ya tatu, Jumapili, baada ya saa saba mchana, tuta la Sau Mau Ping lilishuka juu ya vibanda. Walikufa watu 71. Usiku wa siku hiyohiyo, karibu saa tatu, upande mwingine wa mji, barabara ya Po Shan, mteremko ulianguka na kuangusha ghorofa walimokaa watu wenye uwezo. Walikufa 67. Mvua ile moja ilipiga maskini mchana na matajiri usiku. Nasema hivi si kwa ubaya, lakini nina hisia kwamba kama wangekufa wale wa mchana peke yao, uchunguzi ungekuwa mfupi zaidi.

Sasa tufike kwenye madaftari.

Hong Kong ilikuwa na daftari la kwanza kwa muda mrefu sana. Kituo cha hali ya hewa kilianzishwa mwaka 1883, na mwaka uliofuata kikaanza kupima mvua kila siku. Kipimo chenyewe si ajabu: mkebe wenye pande zilizonyooka, ukiwa wazi juu, na mtu anayekuja kusoma saa ileile. Karibu miaka 90 ya mvua ilikuwa imeandikwa kabla ya Sau Mau Ping. Lakini daftari la mvua peke yake linajua mvua tu. Linaweza kukuambia jana ilinyesha milimita 100, haliwezi kukuambia kama milimita 100 ni za kuogopa.

Daftari la pili ni la vilima: lini kilianguka, wapi, vingapi kwa siku moja. Mtu aliyeyaweka madaftari hayo mawili pamoja alikuwa mhandisi wa udongo wa Chuo Kikuu cha Hong Kong, Peter Lumb. Mwaka 1975 alichapisha kazi yake. Alikuwa amechukua siku za maporomoko tangu miaka ya 1950, na kila siku akairudisha kwenye kumbukumbu ya mvua: siku ile ilinyesha kiasi gani, na siku 15 kabla yake je? Kazi ya mtu mwenye penseli na uvumilivu. Akaona mpangilio. Siku zilizokuwa na maporomoko zaidi ya 50 kwa mpigo zilikuwa zile ambazo mvua ya saa 24 ilipita milimita 100, tena baada ya wiki mbili zilizokwisha kuleta zaidi ya milimita 350. Yaani kilima kilikuwa kimeshashiba, ndipo kikaongezewa.

Hebu tuelewe kwa nini, maana bila hili namba ni uchawi. Waliofyatua tofali wanajua. Udongo mkavu kabisa unamwagika mkononi. Weka maji kidogo, unashikamana. Yale maji machache yanavuta chembe za udongo zikaribiane. Zidisha maji, unakuwa uji. Mlima ni hivyohivyo. Maji yanapojaa kwenye nafasi zote kati ya chembe, yanaanza kuzisukuma zisigusane, na ule msuguano uliokuwa unashikilia mteremko unapungua. Mlima hauongezeki uzito tu, unapoteza mshiko. Inachukua muda gani kufika hapo? Inategemea udongo, na hilo tutalirudia, kwa sababu watu wengi hukosea hapo.

Kazi ya Lumb ilikuwa imechapishwa tayari, lakini daftari halimwokoi mtu likiwa kabatini. Tarehe 25 Agosti 1976, dhoruba iliyoitwa Ellen ilileta mvua kubwa, na Sau Mau Ping ikaanguka tena. Mahali palepale! Mteremko wa jirani, tuta la aina ileile ya udongo uliomwagwa bila kushindiliwa. Matope yaliingia ghorofa ya chini ya jengo la makazi, watu 18 wakafa. Miaka minne tu ilikuwa imepita.

Nadhani aibu ndiyo iliyofanya kazi ambayo huzuni ya 1972 haikuweza. Mwaka 1977 serikali iliunda ofisi maalumu ya wahandisi wa miteremko, na mwaka huohuo ukaanza mfumo wa kutoa tahadhari ya maporomoko kwa umma kwa kutumia vipimo vya mvua. Ulikuwa kati ya mifumo ya mwanzo duniani ya aina hiyo. Wahandisi na watu wa hali ya hewa walikaa pamoja: mvua ikifika kiwango fulani, tangazo linakwenda redioni na kwenye televisheni.

Kiwango gani? Hapo ndipo ulipozuka ubishi ninaoupenda kuliko sehemu zote za historia hii. Ukifuata Lumb, lazima uhesabu siku 15 nyuma. Mwaka 1984 wahandisi watatu, Brand, Premchitt na Phillipson, walitoa jibu tofauti. Kufikia wakati huo Hong Kong ilikuwa na vipima mvua vya kujiendesha vyenyewe sehemu nyingi za mji, vinavyoandika mvua kwa dakika, si kwa siku. Ukiwa na mkebe unaosomwa mara moja asubuhi, huwezi kujua kama milimita 100 zilidondoka polepole usiku kucha au zote kati ya saa tisa na saa kumi alfajiri. Vipimo vipya vilionyesha kwamba mara nyingi maporomoko yalifuata dhoruba fupi na kali. Walitaja milimita 70 kwa saa moja kama mpaka wa hatari. Zile wiki mbili za nyuma, walisema, kwa udongo wa Hong Kong hazina uzito mkubwa kama ilivyodhaniwa. Kuanzia mwaka huo tahadhari ilitegemea mambo mawili: milimita 175 kwa saa 24, au milimita 70 kwa saa moja.

Unaweza kusema huu ni ubishi wa maprofesa. Mimi naona ni ubishi kuhusu muda wa kukimbia. Kama mlima unahitaji siku 15 kujaa, una siku za kuhamisha bibi, mbuzi na magodoro. Kama unahitaji saa moja, una dakika. Mfumo mzima unabadilika: nani anapiga kelele, anapiga saa ngapi, na mtu anakimbilia wapi.

Wakati Hong Kong wakibishana, mwanasayansi mmoja, Nel Caine, alikusanya visa 73 vya maporomoko kutoka nchi mbalimbali na mwaka 1980 akachora mstari mmoja wa dunia nzima: chini ya mstari huu wa ukali na muda wa mvua, maporomoko madogo ya juujuu ni nadra. Kwa saa moja mstari wake unapita karibu na milimita 15. Kwa saa 24, karibu milimita 100 kwa jumla. Ni kazi maarufu na bado inatajwa. Lakini ukiangalia vizuri, milimita 15 za Caine na 70 za Hong Kong ni mbali mno. Ukitumia mstari wa dunia Hong Kong, utawaamsha watu kila wiki ya masika mpaka wazime simu. Ukibeba namba ya Hong Kong ukaileta kwetu, wataokotwa maiti kabla hujafikia kiwango. Namba ya mlima mmoja haihamishwi kama hema. Kila mahali lazima pawe na madaftari yake mawili.

Tena si maporomoko makubwa tu yanayotakiwa kuandikwa. Hili lilinishangaza. Ukiandika misiba peke yake, utakuwa na siku tatu kwa miaka hamsini, na kwa siku tatu huwezi kuchora mstari wowote. Ni yale madogo, ukuta ulioanguka bila kuua mtu, choo kilichozama, njia iliyokatika, ndiyo yanayofundisha. Na zile siku ambazo mvua ilikuwa kubwa na hakuna kilichoanguka nazo ni lazima ziandikwe, la sivyo utadhani kila mvua kubwa inaua.

Watu wa vibanda hawakutoweka katika historia hii. Mvua za 1982 ziliua tena, na wengi wa waliokufa walikuwa wao. Tahadhari ilikuwepo. Lakini anayekaa kwenye ghorofa ya zege akisikia tahadhari hufunga dirisha, na anayekaa kwenye kibanda chini ya mteremko lazima atoke kwenye mvua na watoto, usiku, aende kwingine. Baada ya pale serikali ilianza kuwahamisha watu wa vibanda kutoka miteremko mibaya kwa sababu ya usalama wao, hata kama kiwanja chenyewe hakikuwa na mradi wowote wa kujenga. Na mpaka leo tahadhari ya maporomoko ikitolewa Hong Kong, ofisi za mitaa zinafungua makazi ya muda kwa wanaohitaji. Tangazo na mlango vinafunguliwa pamoja. Nitaurudia mlango huo.

Siku hizi wana vipima mvua vya kujiendesha zaidi ya 100 katika eneo ambalo kwa ukubwa ni dogo kuliko wilaya nyingi tunazozijua. Vinatuma namba kila baada ya dakika chache, na kompyuta inakadiria mvua ile itaangusha miteremko mingapi. Ikikadiria 15 au zaidi, tahadhari inatoka. Pia, na hili wengi hulisahau wanaposifu mitambo, walirekebisha miteremko yenyewe: walishindilia matuta upya, wakaweka mifereji, wakaorodhesha karibu miteremko 60,000 iliyotengenezwa na binadamu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 maporomoko yameua watu zaidi ya 470 kule, ila vifo vingi ni vya miaka ya nyuma. Mvua haikupungua.

Nilipofika hapo nikajiuliza: sawa, wale wakawa matajiri. Sisi je?

Kuna wakimbizi wengine kwenye vilima sasa hivi. Kuanzia Agosti 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbia Myanmar kuingia Bangladesh, wakajenga vibanda vya mianzi na maturubai, ile tunayoita shitingi, kwenye vilima vya mchanga vya Cox's Bazar. Miti ilikatwa, miteremko ikachongwa ngazi kama shamba la matuta. Wanasayansi wa NASA walishirikiana na mashirika ya misaada kutoa makadirio ya hatari ya maporomoko kwa kambi zile. Programu yao inachukua mvua inayopimwa kutoka angani, inalinganisha mvua ya siku 7 zilizopita na kumbukumbu ya miaka mingi ya mahali hapo, halafu inaangalia kama mteremko ni mkali, kama msitu umeondolewa, kama kuna barabara iliyokatwa. Ni kazi ya Lumb ileile, isipokuwa mkebe umepandishwa mbinguni.

Lakini mkebe wa mbinguni unaona kwa vipande vikubwa, kama kilomita 10 kwa 10. Kambi nzima na vilima vyake inaweza kuwa ndani ya kipande kimoja. Na namba zinachelewa saa kadhaa. Kwa mvua ya siku nyingi hilo si tatizo kubwa. Kwa mvua ya saa moja, msiba unaweza kufika kabla ya taarifa. Julai 2021 zaidi ya milimita 300 zilinyesha kwenye kambi zile ndani ya saa 24, na Juni 2024 maporomoko yaliua watu wasiopungua 9. Hivyo mtu mwenye mkebe chini bado ana kazi, hata setilaiti zikiwa ngapi.

Sasa turudi huku kwetu. Tarehe 1 Machi 2010, Bududa, kwenye mteremko wa mlima Elgon upande wa Uganda, kilima kilifunika vijiji vya Nametsi. Zaidi ya watu 300 walihofiwa kufa. Mvua ilikuwa kubwa siku ile, na watu, kwa busara kabisa, walikimbilia jengo la kituo cha afya ili wasilowe. Kilima kikafunika kituo cha afya. Kila nikisoma habari hii nashindwa kuendelea kwa dakika moja. Walikimbia. Walikimbilia jengo imara kuliko yote waliyokuwa nayo. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba jengo lenyewe liko kwenye njia ya mlima. Manusura wengi walihamishiwa Kiryandongo, na ndugu zetu mlioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo mnawajua, ni majirani zenu. Wengine baadaye walirudi mlimani kwa sababu ndiko kwenye migomba na makaburi yao.

Udongo wa Elgon una mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi hunywa maji polepole. Kwa udongo wa namna hiyo zile siku nyingi za mvua nyepesi si za kupuuza hata kidogo. Mzee Lumb huenda alikuwa na majibu mazuri zaidi kwa Bududa kuliko kwa mji wake mwenyewe!

Halafu Mei 2023, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa simu zilizokuwa hazipokelewi. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua iliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Tarehe 4, siku ya soko, mafuriko na maporomoko yalizoa Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, Kongo, wakafa zaidi ya 400. Kati ya misiba hiyo kulikuwa na siku moja na ziwa moja. Ukiwa Nyamukubi asubuhi ile umebeba mihogo kwenda sokoni, nani angekuonyesha namba za mvua za ng'ambo?

Na kambi zenyewe? Gihembe, kule Gicumbi, ilipokea Wakongo tangu 1997. Makorongo yalikula kilima mwaka baada ya mwaka mpaka mwaka 2021 watu wakahamishiwa Mahama. Ule uhamisho ulikuwa wa haki, ingawa waliokulia pale walilia. Miaka zaidi ya 20 ya korongo lile lilivyokuwa likisogea, mvua ipi ilikata hatua ngapi, ingekuwa daftari la pili zuri kuliko yote katika ukanda huu. Naamini sehemu kubwa iko vichwani mwa watu walioko Mahama. Kama uko Mahama na bibi yako anakumbuka, kaa naye uandike leo.

Sisi hapa tumeshaanza, na si kwa kusubiri mradi. Chukua chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, isiwe ile yenye kiuno. Kata sehemu ya juu, igeuze na kuirudisha kama mrija wa kumiminia ili maji yasikaushwe na jua. Chini weka kokoto, mimina maji mpaka yafunike kokoto, chora mstari: hapo ndipo sifuri. Bandika rula kuanzia mstari huo. Iweke mbali na mti na paa, uifunge kwenye kigingi watoto wasiiangushe (yetu ya kwanza iligeuka kuwa goli la mpira). Soma saa moja kila asubuhi, andika, rudisha maji kwenye sifuri. Kama hakuna mvua andika 0, usiache wazi, maana nafasi tupu hakuna anayejua kama ni jua au ni uvivu. Mvua ikiwa kali mchana, soma hata katikati, uandike saa, kwa sababu ya lile jambo la 1984.

Kwenye daftari la pili andika kila kilichokatika: tarehe, saa, mahali, hatua ngapi kwa miguu, na picha ya simu mtu akiwa amesimama kando ili ukubwa uonekane. Nyufa mpya nazo, na chemchemi iliyotoka pasipokuwa na chemchemi.

Kwa wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa, nina ombi moja na swali moja. Ombi: mkichukua namba zetu, rudini na mlichokiona ndani yake. Tumeshajaza fomu nyingi zilizopanda gari na hazikurudi.

Swali ni la ule mlango. Juzi jioni tulikaa na viongozi wa mtaa, tukawauliza: ikifika siku ambayo chupa inasema tuondoke, tunaondoka kwenda wapi? Wakajibu shuleni. Tukapanda kwenda kuangalia, na ni kweli shule iko pazuri, mbali na korongo, juu hakuna mteremko. Imefungwa kwa kufuli kubwa. Funguo anazo mlinzi, na mlinzi analala nje ya kambi. Tuliandika namba yake ya simu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, tukampigia saa mbili usiku kwa majaribio. Haikupatikana. Tukajaribu saa nane usiku, akapokea, akatugombeza sana. Kesho tunakwenda kwake watatu, na mama jirani atakuja nasi kwa sababu yeye anajua kuongea na watu wazima, kumwomba funguo ya pili ikae upande huu.

Jana asubuhi chupa ilikuwa na milimita 18. Nyuma ya vyoo hakuna kilichokatika. Vyote viwili vimeandikwa.